Mbebaji wa Nyuma

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Gélase aliisikia methali hiyo tangu shuleni kwao Burundi, akaipita kama mtu apitavyo jiwe la njiani. Hakujua kwamba jiwe lenyewe lilikuwa likimngoja Kigoma.

Mwaka ule wakimbizi walimiminika kwa maboti, na kipindupindu kikaja nao. Vijana wanne walijitolea kuwabeba wagonjwa kwa machela, kutoka ufukoni hadi hema la matibabu juu ya kilima: Thobias, Muha wa Kalinzi aliyekuwa kiongozi wao, na Warundi watatu, Gélase, Ndayikunda na Révérienne. Walibeba wawili wawili. Kila asubuhi, kabla ya kula, kila mmoja alimsemea mwenzake wa machela. "Mwenzako?" Thobias aliuliza. Akijibiwa "mzima," wote walikula viazi sahani moja. Neno hilo ndilo lililokuwa kinga yao.

Gélase na Révérienne walipendana, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Thobias alicheka tu, akawapanga machela moja.

"Nani atamchunga kuliko wewe?" alisema. Na kwa kweli hapakuwa na machela iliyopanda kilima kwa kasi kama yao.

Asubuhi moja ukungu ulifunika ziwa lote. Révérienne alimvuta Gélase kando, midomo imemkauka.

"Tumbo limenivuruga tangu alfajiri. Usiseme, mukunzi wanje, mpenzi wangu. Mama aliingia hema lile, sikumwona tena."

Gélase alijua fika kwamba aliyetundikiwa dripu mapema alipona. Lakini macho ya mpenzi wake yalimlegeza.

"Mwenzako?" Thobias akauliza.

"Mzima."

Wakala. Mikono ya Révérienne na ya Ndayikunda ikagongana sahanini.

Siku hiyo kulikuwa na mgonjwa mmoja, mzee aliyekwisha kunyamaza. Gélase alishika mbele, Révérienne nyuma, wenzao wakafuata ili wawapokee wakichoka. Njia ilikuwa nyembamba, na mbebaji wa mbele hakuruhusiwa kugeuka, asije akamwangusha mgonjwa.

"Révérienne, uko?"

"Ego," aliitikia "ndiyo" kwa Kirundi, akihema.

Walipovuka kijito machela ilitikisika mara moja, kisha ikatulia. Ukungu ulimeza kila kitu, hata sauti za ndege.

"Uko?"

"Ego."

Sauti ilikuwa karibu mno na sikio lake. Kilima kilikuwa kikali, naye Gélase alitweta, lakini sauti ile sasa haikuhema hata kidogo. Nywele zikamsimama.

Hemani waliteremsha machela, akageuka. Aliyeshika miti ya nyuma alikuwa Thobias.

"Révérienne yuko wapi?"

"Ameanguka kijitoni. Nimeidaka miti, Ndayikunda amebaki naye. Nimekuita mpaka koo limekauka, hukusikia?"

"Amenijibu njia nzima!"

"Gélase," Thobias alisema polepole, "nyuma yako nilikuwepo mimi tu."

Ndayikunda alipomfikisha Révérienne akiwa amembeba mgongoni, mwili ulikuwa umeshapoa. Gélase alilia kama mtoto, akaungama yote.

Kesho yake Ndayikunda naye alilazwa. "Nilikula naye sahani moja," alimwambia Gélase, dripu ikidondoka, "kwa sababu wewe ulisema mzima."

Ndayikunda alipona. Kikosi hakikupona. Kila mtu alikula peke yake, aliosha miti kabla ya kuigusa, na wagonjwa walisubiri ufukoni hadi jua la utosi.

Hata hivyo Thobias aliendelea kuuliza kila asubuhi, kwa mazoea. Siku moja alisahau kwamba Gélase hana mwenzake tena, akamgeukia.

"Mwenzako?"

Gélase alifungua kinywa. Nyuma ya bega lake, mahali palipokuwa patupu, sauti isiyohema ikajibu kwa niaba yake: "Mzima."

Thobias aliangusha sahani. Gélase hakugeuka, alijua aliyesemewa neno lile alikuwa amelala kilimani, chini ya chokaa nyeupe, na kwamba uongo ule ungemfuata kila aendako. Ama kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.