Jina la Kompyuta ya Ishirini na Moja

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi bali hizi zetu za juzi, palikuwa na kituo cha utafiti wa mihogo chenye kompyuta ishirini zilizofanya kazi kwa pamoja. Ghala la mafaili lilikuwa moja, limeunganishwa kwenye zote kupitia folda iitwayo Ghalani. Na kila kompyuta ilibeba jina la mtu aliyewahi kuokoa kazi ya kituo. Heshima hiyo, jamani, watu waliitamani kuliko cheo!

Ya ishirini na moja ilikuwa bado kwenye boksi, haina jina.

Mtafiti Sikudhani alikuwa amepiga hesabu siku arobaini kwenye kompyuta ya kumi na saba, akitafuta mbegu isiyougua, na kila jibu akilihifadhi Ghalani. Mvua zinakaribia, wakulima wanangoja jibu. Asubuhi moja akafungua Ghalani: kazi yake haipo!

"Pole, dada, anza upya," wenzake wakamwambia. "Na hiyo kompyuta inasumbua, leo tunaifuta."

"Haifutwi!" Sikudhani akaweka kiti mlangoni pa chumba cha mitambo, akakaa, machozi yanamtoka.

Anyelwisye, mtunza mitambo, akaanza kukagua. Ya kwanza, ghala limeunganishwa wapi, tangu lini? Ghalani, tangu Januari. Ya pili? Ghalani, tangu Januari. Hakuruka hata moja. Ya kumi na saba: Ghalani, tangu jana.

"Jana? Kumbe siku zote hizo haikuwa na ghala!"

Fundi mkongwe, Mzee Kibwana, akakohoa. "Jana niliikuta imekatika na ghala, nikaiunganisha, sikuchungulia folda ina nini. Kumbe kazi ilikuwa ikiandikwa humo kwenye diski yake, nami nimeifunika kwa ghala. Lakini wanangu, ukitandika mkeka juu ya barua, barua haijapotea. Hebu liondoeni ghala kwanza."

Wakaliondoa. Chini yake, kwenye diski ya kompyuta yenyewe, kazi yote ilikuwepo, salama salimini! Sikudhani akapiga kigelegele, na mbegu ikawafikia wakulima kabla ya mvua.

Mkurugenzi akaja kwenye boksi la ile ya ishirini na moja na kalamu ya wino mzito. "Haya, jina?"

"Langu," Sikudhani akasema, kifua mbele. "Nisingekaa mlangoni, mngefuta."

"Ungekaa hapo mpaka masika," akasema Anyelwisye. "Niliyeijua kompyuta yenye kasoro ni mimi."

"Kaka, kukagua si kazi yako ya kila Jumatatu? Ulikuwa wapi Jumatatu tano?" Sikudhani akadakia.

Mzee Kibwana akacheka. "Mlijua ni ipi, hamkujua kutazama chini. Langu."

"Mzee, si wewe uliyefunika?" akauliza Anyelwisye.

"Ndiyo. Na aliyefunika ndiye aliyefunua."

Mkurugenzi bado kasimama mbele ya boksi, kalamu wazi, wino unakauka. Nanyi mnaocheka huko nyuma, msaidieni: aandike jina la nani?