Ndege Iliyosubiri Zimamoto

Ndugu zangu, kulikuwa na binti mmoja aliyejiunga na jeshi. Siku ya kuchagua kazi, wenzake walitaja vifaru, mizinga, urubani. Yeye akasema, "Zimamoto." Afande akainua kichwa.

"Umesema?"

"Zimamoto, afande."

Baba yake alikuwa askari wa miguu mstaafu. Habari ilipomfikia, alisema hatamhesabu kuwa askari mpaka aombe kazi ya kiaskari. Binti akija likizo na kusema, "Shikamoo, baba," mzee alijibu, "Marahaba, mwagiliaji maua." Majirani walicheka. Binti alicheka nao, kisha akaenda kulia jikoni.

Mwaka mmoja kambi yao ya ndege ikaalika wazazi. Binti akampigia simu.

"Baba, njoo."

"Nije kutazama watu wakiosha gari?"

"Njoo utazame ndege, basi. Na pilau ipo."

"Ungeanza na pilau."

Mzee akaja, medali zote kifuani. Ndege ikawashwa, ikanguruma, lakini haikusogea. Wageni wakangoja. Mzee akamgeukia ofisa aliyeketi karibu naye.

"Kamanda wenu amechelewa?"

"Kamanda yumo ndani ya ndege, mzee."

"Sasa anasubiriwa nani?"

"Zimamoto. Hapa ndege hairuki mpaka wao wawe mahali pao."

Gari jekundu likatoka, likasimama kando ya njia ya kurukia. Askari mmoja akashuka, akainua mkono. Ndege ikaondoka.

Mzee alikuwa amepanda juu ya kiti. "Yule ni wangu! Yule pale!"

"Mzee, kofia imemfunika uso. Umemjuaje?"

"Mtoto wangu mwenyewe, nisijue anavyosimama?"

Akakaza mgongo, akampigia binti yake saluti.

Ninawaona. Mnangoja ndege iwake moto ili binti awe shujaa. Haikuwaka, ndugu zangu. Iliruka, ikatua, watu wakala pilau.

Na hivyo ndivyo tulivyo sisi. Hapa mbele ya kanisa tunashuhudia gari lilivyopinduka tukatoka wazima, ugonjwa ulivyotulaza tukainuka. Ni vyema. Lakini nani amewahi kuja hapa kushuhudia kwamba wiki nzima hakikutokea kitu? Unadhani siku hizo Mungu alikuwa likizo? Na bibi yako anayekuombea kila alfajiri, unayesema siku hizi hana kazi, je, unajua umeruka mara ngapi kwa sababu yeye amesimama?

Vijana, nanyi mkiitwa kuchagua, msione haya kuchagua kusimama kando ili wengine wapae. Bwana anawahesabu.

Sasa geuka kwa jirani yako. Mwulize, "Wiki hii kwako kumeungua nini?" Akikujibu "Hakuna," mpigie vigelegele.

Mbona mmenyamaza? Pigeni!