Kindi na Jiko la Zamu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipika kwa zamu katika jiko moja, na msimamizi wake alikuwa Tembo. Zamu ya mpishi ilipokwisha, Tembo alisimama mlangoni akasema, "Zima!"

Bawabu Fisi, aliyekaa nyuma ya pazia la mlango ili ampelekee mpishi neno huko ndani kusikosikika kitu, aliitikia, "Naam, bwana!" Tembo akahesabu mpaka kumi ili mpishi apate kuepua chungu. Kisha akaingiza mkonga dirishani, maji fwaaa!

Siku mbili mfululizo maji yalimkuta Kindi chungu kingali motoni. Chungu pu! Kunde zikamwagika, na watoto wake wakalala njaa.

"Mzee Tembo, mbona huniambii?"

"Nakuambia kila siku! Ukimwagiwa tena, jiko hili hulioni."

Kindi akawaza. Tembo anasema, mimi sisikii. Neno linapotelea wapi? Akamkumbuka Fisi, anavyosema "pole, mama, pole" huku akiramba kunde sakafuni.

Siku ya tatu Kindi aliepua kunde mapema, akazificha. Akateleka chungu cha maji na maganda matupu.

"Shemeji Fisi! Leo nimetia nazi. Njoo uonje, nami nikushikie mlango."

"Zimeiva?" Udenda chururu!

"Utaniambia wewe. Ila usizimalize!"

"Mimi? Mimi nala kama ndege."

Fisi akaingia, akashika upawa. "Wee Kindi, mbona naona maji tu?"

"Kunde ziko chini. Koroga!"

Punde Tembo akafika. "Zima!"

Nyuma ya pazia Kindi akaigiza sauti ya Fisi, "Naam, bwana!" Wala hakumpelekea Fisi neno.

"Nane... tisa... kumi!" Fwaaa!

Fisi akatoka mbio, kalowa chapachapa, majivu mpaka masikioni. "Uwii! Nani kamwaga bila kuniambia?"

"Nimesema mlangoni," Tembo akajibu.

"Mlangoni kunanihusu nini? Mimi niko jikoni! Wa mlangoni asiponiambia, nitajuaje?"

Kindi akachungulia kutoka nyuma ya pazia. "Hilo hilo, shemeji, nimejiuliza siku mbili."

Tembo akageuka polepole. "Fisi, kunde za watu zilikuwa tamu?"

Fisi akatimka. Vumbi tifu!

Tangu hapo Tembo huita dirishani, wala haanzi kuhesabu mpaka mpishi mwenyewe aitikie.

Onyo lisilomfikia mwenye chungu si onyo.