Waraka wa Maji wa Saa Sita

Niwasimulie?
Simulia, masikio yapo.
Ikiwa chungu?
Tutaimeza.

Basi ulikuwa ukame, na bwawa lilibaki moja tu, na bwawa lenyewe ni la Mamba. Kila mnyama alikuwa na mtambo wa kupeleka ujumbe, na ukitaka maji, mtambo wako huutumia mtambo wake ombi. Lakini waraka wa kueleza namna ya kuomba, Mamba aliuandika usomeke na mitambo ya mamba peke yao. Mtambo wa paa ukaomba, ti-ti-ti. Ukajibiwa: sielewi. Mtambo wa ngiri ukaomba, ti-ti-ti. Ukajibiwa: sielewi. Aliyechoka na jibu hilo akaenda kuomba kwa miguu yake, na huyo akaliwa, kwaap.

Sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, alikuwa na wana wawili, na ndimi zilishawakauka. Akaenda akasimama mbali kidogo na maji.

"Bwana Mamba, hawa wa mmoja mmoja wanakushibisha? Niache niuandike waraka upya, usomeke na kila mtambo. Watakuja wote."

Mamba akacheka kwa meno yote. "Andika waje saa sita."

"Sita ya jua, au ya mtambo wako unaoanza kuhesabu usiku wa manane?"

"Sita ni sita. Usinipotezee wakati."

Sange akaandika 6 tupu, akautuma. Mitambo ikausoma waraka, ti-ti-ti, ikauelewa. Paa akasema: saa sita, adhuhuri. Ngiri akasema: saa sita, adhuhuri. Bi Kanga peke yake mtambo wake ulitoka ng'ambo kama wa Mamba, nao ukamwambia: kunapopambazuka.

"Jirani," Bi Kanga akamuuliza Sange, "hiyo sita ni ipi?"

Sange akawatazama wanawe. Alijua Mamba mwenye njaa angengoja majini hata siku nzima.

"Fuata mtambo wako, dada."

Kulipopambazuka, Bi Kanga na wenzake, kanga arobaini, wakashuka bwawani. Kwaap, kwaap, kwaap. Mamba akala mpaka tumbo likamlemea, akalala fofofo. Adhuhuri wakaja paa, wakaja ngiri, wakaja tembo, akaja Sange na wanawe. Wakanywa, glu-glu-glu, kando ya anayekoroma, na tembo wakamaliza yaliyobaki. Mamba alipoamka alikuwa juu ya tope. Siku tatu aliuomba mtambo wake maji, akajibiwa: hakuna. Siku ya nne hakuomba tena.

Wana wa Sange walipona. Yeye hakupita tena karibu na kiota cha Bi Kanga, na mimi ninayesimulia naona aibu kwa niaba yake. Mayai yalikuwa bado mle, yamepoa.

Funzo lake ni hili: waraka ukisomeka na kila mtambo, hakuna anayeachwa nyuma. Nimeutua mzigo wangu hapa. Anayeona nimekosea akamuulize kanga, akimpata.