Mtoto wa Kwanza Aitwe Nani

Hapo zamani, zamani yenyewe ya juzijuzi tu, kwenye nchi ya kaskazini ambako bahari huganda watu wakapita juu yake... ndiyo, wanapita, acheni kuguna! Basi huko alikuwepo mama mmoja Muinuiti, mwenyeji wa asili wa huko, jina lake Pitsiula, mbunge.

Kijijini kwao wajawazito walipandishwa ndege wakajifungulie ugenini. Mama yake Pitsiula, Aulaja, alipelekwa hivyo hivyo, akafia huko bila hata mtu wa kumshika mkono. Pitsiula akaingia siasa kwa jambo moja tu: nyumba ya kujifungulia pale pale kijijini. Jirani yake Meeka akamwambia, "Dada, ukiipata, mtoto wa kwanza kuzaliwa humo tutampa jina la mama yako."

Bunge lile halina vyama. Jambo huongelewa mpaka wote wakubali. Pitsiula akaongea, akaongea, mpaka mvi zikamtoka. Siku ya uamuzi dhoruba ikazuia ndege. Tuumasi, mume wa Meeka, akampakia Pitsiula kwenye pikipiki ya theluji, wakakata bahari iliyoganda mpaka bungeni. Hoja ikapita! Lakini Tuumasi akirudi peke yake, barafu ikapasuka, bahari ikamchukua. Masikini, Meeka alikuwa na mimba.

Nyumba ikafunguliwa kabla hajajifungua, na mtoto wa kwanza kuzaliwa humo akawa huyo huyo wa Meeka. Alitanguliza miguu. Bibi mkunga akamgeuza taratibu, akamtoa mzima, kama alivyofundishwa na marehemu Nivi, mkunga wa kabla yake.

Sasa, huko kwao mtoto hupewa jina la marehemu, awe wa kike au wa kiume, na walioachwa humwita vile vile walivyomwita marehemu mwenyewe. Na mtoto mmoja, jina moja tu.

Mkunga akasema, "Bila Nivi tungekuwa tunazika saa hizi. Nirudishieni mwalimu wangu."

Pitsiula akasema, "Meeka, uliniahidi. Nimezeeka natamani kumwita mtu mama."

Meeka akamkumbatia mwanawe. "Niliahidi, dada, nikiwa na mume. Niacheni nimwite huyu mume wangu."

Pitsiula, aliyewakubalisha wabunge wazima na ndevu zao, akashindwa kuwakubalisha wanawake wawili. Wakalia wote watatu, na kichanga nacho kikalia, hakijaitwa bado.

Haya, nyie mnaojifanya mahakimu, msinikodolee macho mimi. Mtoto yule aitwe Aulaja, aitwe Nivi, au aitwe Tuumasi?