Kaa wa Mama Riziki

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Maana yake ni kwamba jambo kubwa hutanguliwa na ishara ndogo, na heri yake anayeijali. Mwalimu Evariste aliwafundisha watoto wa Uvira methali hiyo kwa miaka minne, akawatolea na alama, lakini mwenyewe alikuwa hajaielewa hata chembe.

Evariste alikuwa mtu wa Luberizi, nchi ya mpunga na ng'ombe, na ziwa alilijua kwa kunawia miguu tu. Mkewe Émérance alikuwa binti wa mvuvi, mzaliwa wa papo hapo ufukweni. Kila jioni, jua lilipozama nyuma ya milima, kaa walitoka katika nyufa za mawe, naye akawatupia ukoko wa ugali kwa mbali. Hawakukosa hata siku moja, mvua inyeshe isinyeshe. Ila wakisikia mtu kwenye mawe yao, hujichimbia ndani mpaka pawe shwari.

"Mama Riziki, watoto wako wamefika masomo?" Evariste alizoea kumtania huku akitazama saa yake ya mkononi.

"Wamefika. Na weye tafuta saa ingine, hiyo yako inachelewa," mkewe humjibu, wakacheka wote wawili.

Kicheko kilikatika mwaka wa sitini na nne, waasi walipouteka mji. Yeyote aliyejulikana kwa kalamu alisakwa. Binti yao Riziki alikuwa amekwisha kuvushwa na bibi yake hadi Bujumbura. Émérance alikataa katakata kumwacha mumewe, akamficha siku tisa darini, nyuma ya magunia ya mihogo mikavu. Siku ya kumi wakakata shauri: jua likizama, washuke kwenye mtumbwi wa marehemu baba yake Émérance, uliofichwa katika matete kando ya mawe.

Wakati ulipowadia, walitambaa hadi ukingo wa shamba la muhogo, hatua thelathini kutoka majini. Ufukwe ulikuwa kimya. Evariste akainuka. Émérance akamshika shati.

"Kaa hawajatoka," alinong'ona.

"Mama Riziki, acha mchezo. Saa imefika."

"Saa yako imefika. Yao imepita, na hakuna hata moja inje. Iko mutu mu mawe."

"Nife kwa ajili ya kaa?"

"Enda basi. Minye siendi, na shati siachi."

Evariste aliguna. Alikuwa na hasira na hofu kwa pamoja, lakini mkono ule ulikuwa umemlisha siku tisa, akaona haya kuubandua. Akalala chini kando yake.

Haukupita muda mrefu, mtu akakohoa. Wanaume watatu, wawili na mikuki, mmoja na bunduki, wakainuka nyuma ya mawe, wakilalamika kwamba wamechoka kungoja, wakashika njia ya mjini. Émérance hakusogea. Alingoja mpaka kaa wa kwanza akachungulia, akatoka, akafuatwa na wa pili, kisha kundi zima.

"Sasa twende, Mwalimu," akasema, akaliachia shati. Kasia alipiga yeye.

Walipofika Bujumbura, Evariste alimkumbatia binti yake akilia machozi bila kujificha. Jioni yake aliuchukua ukoko wa ugali, akashuka ufukweni, akaketi mbali kidogo na mawe ya huko. Riziki akamfuata, akamwuliza anangoja nini.

"Nasoma somo nililolifundisha miaka minne, mwanangu," akamjibu. "Dalili ya mvua ni mawingu."