Mapacha wa Puani

Paukwa?
Pakawa.
Mwenye njaa?
Asogee asikilize.
Mwenye shibe?
Asikilize mara mbili.

Hapo zamani za kale, minyoo wembamba kama nyuzi waliishi ndani ya papai lililooza. Kila mnyoo alizaliwa na mapacha puani, kazi yao kunusa hewa nzito, ile itokayo kwenye pumzi za viumbe na kwenye vitu vinavyooza. Tumbo likijaa, mapacha walinong'ona, "Hewa nzito, geuka, usije ukaliwa." Tumbo likiwa tupu, mapacha walewale, hewa ileile, walinong'ona, "Fuata, huko kuna kitu kinaoza, twende tukale."

Mkuu wao, Bwana Kitambi, alilala katikati ya rojo tamu. Siku moja upepo ukaleta hewa nzito. Akaunusa, akageuka, akatangaza: "Atakayeifuata hewa hiyo atafukuzwa kwenye rojo maisha yake yote."

Nyiri aliishi pembeni, kwenye ganda kavu, akilea wadogo zake. Siku hizo hata kulia walikuwa hawalii tena. Pua yake ilisema fuata. Akaenda barazani.

"Mheshimiwa, wadogo zangu wanakufa njaa. Turuhusu twende."

"Pua yako ni mbovu, binti."

Akarudi tena. "Basi njoo unusie kwetu, Mheshimiwa."

"Nimeunda kamati ya pua. Wajumbe wamekula, wamenusa, wamekubaliana nami."

Mara ya tatu Nyiri akaenda na mila. Kwa minyoo, baraza likifunguliwa hakuna anayekula mpaka maswali yaishe, na Mkuu hakatai swali.

"Nina swali, Mheshimiwa."

Akajibiwa.

"Nina la nyongeza."

Akajibiwa. Jua likapanda, likashuka.

"Jibu hilo limenizalia jingine."

"Hivi wewe binti huchoki?"

"Kukaa bila kula nimezoea, Mheshimiwa. Sijui mwenzangu."

Kufikia hapo tumbo la Kitambi lilikuwa tupu. Pua yake ilikuwa imegeuka. Kikafuata kichwa, kikafuata kitambi chenyewe, akitambaa kuelekea hewa nzito mbele ya baraza zima, kamati ya pua nyuma yake.

"Swali la mwisho," akasema Nyiri. "Sheria inasemaje?"

Baraza likacheka, kisha likaitekeleza. Kitambi akahamishiwa ganda kavu, sheria ikafutwa. Nyiri akawabeba wadogo zake, akaifuata pua yake hadi kwenye pera bichi kwa nje, bovu kwa ndani. Wakala, wakalia wakitaka zaidi.

Funzo ni hili: pua ya aliyeshiba haisemi uongo, ila inasema habari za tumbo lake. Asiwatungie sheria wenye njaa.

Hadithi yangu nimeiacha kwenye ganda. Mwenye njaa aichukue, mwenye shibe ampishe.